Chukua Fomu, Usisubiri Kuitwa



Leo nataka tuongee habari za uchaguzi. Subirini kwanza, msikimbie. Sizungumzii ule wa majukwaa, fulana na pikipiki zenye bendera. Nazungumzia uchaguzi ambao kijana wa Kitanzania anaweza kugombea bila kumnunulia mtu hata soda, bila kujuana na mwenyekiti wa kata, na bila kutoka kijijini kwao. Na pamoja na urahisi huo wote, vijana wetu wasomi wanauogopa kuliko ubunge!

Nchi hii haina uhaba wa watu wa kuchukua fomu. Kila msimu ukifika tunaona foleni: walimu, wanamuziki, wastaafu, hata mtu ambaye hajawahi kuhudhuria mkutano wa kijiji anachukua fomu ya kuongoza jimbo. Lakini mwambie kijana aliyemaliza shahada ya kompyuta, anayeandika programu usiku na mchana, kwamba agombee kiti kwenye baraza la ufundi la mradi wa programu huria. Atakuangalia kama umemwambia agombee urais wa Marekani. "Mimi? Nani atanijua?"

Hoja yangu leo ni moja tu. Kutumia programu huria si sawa na kuwa na sauti ndani yake. Sauti iko kwenye kile chumba ambamo watu wachache huamua nini kiingie, nini kitoke na nini kiachwe kife. Chumba hicho mlango wake uko wazi kwa kura, na sisi tumekaa barazani tunakunywa chai.

Kwa wasiokaa na watu wa kompyuta: programu huria ni ile ambayo msimbo wake uko wazi. Yeyote anaweza kuusoma, kuutumia, kuurekebisha na kuugawa. Zipo nyingi mno, kwa hiyo nitachukua moja tu kama mfano, nayo inaitwa Django. Nimeichagua kwa sababu mbili. Kwanza, mimi ni mwandishi wa habari, na Django ilizaliwa kwenye gazeti! Ndiyo, gazeti. Mwaka 2003, katika mji mdogo wa Lawrence, jimbo la Kansas, Marekani, vijana wawili, Adrian Holovaty na Simon Willison, walikuwa wanatengeneza tovuti za gazeti la Lawrence Journal-World. Mnajua mambo ya gazeti: mhariri anataka kitu leo jioni, si mwezi ujao. Basi wakajitengenezea zana ya kujengea tovuti kwa haraka. Mwaka 2005 zana hiyo ikatolewa kwa umma, ikapewa jina la mpiga gitaa Django Reinhardt. Instagram ilijengwa juu ya zana hiyo hiyo. Kitu kilichoanzia kwenye chumba cha habari cha mkoani kikaizunguka dunia.

Sababu ya pili ni kwamba Django imeshafika kwetu, na imefika kwa miguu yake. Novemba 2023 mkutano wa kwanza wa DjangoCon Africa ulifanyika Zanzibar. Agosti 2025 ukafanyika tena, safari hii Arusha. Mikutano miwili ya kwanza ya bara zima, na yote imefanyika Tanzania! Sasa utaniambiaje kwamba habari hizi ni za watu wa mbali?

Tuje kwenye utawala, maana hapo ndipo penye utamu. Mwanzoni Django iliongozwa kwa kauli ya waasisi wake. Wakibishana watu, Holovaty na mwenzake Jacob Kaplan-Moss wanakata shauri, yamekwisha. Utawala wa chifu mwema. Januari 2014 wawili hao wakatangaza kung'atuka, na baadaye mamlaka ya kukata shauri yakawa ya bodi ya ufundi. Mwaka 2020 ukapitishwa utaratibu mpya ulioivunja ile timu ya wateule wa kudumu, yaani wale wenye funguo kwa sababu tu waliingia zamani. Bodi ya ufundi, ambayo siku hizi inaitwa Steering Council na mimi hapa nitaiita Baraza la Ufundi, ikawa ni watu watano wanaochaguliwa kwa kura.

Lugha ya Python, ambayo Django imeandikwa kwayo, ilipita njia hiyo hiyo kwa kishindo zaidi. Julai 2018 mwasisi wake, Guido van Rossum, alichoshwa na malumbano juu ya pendekezo moja la kiufundi, akajiuzulu nafasi yake ya kuwa msemaji wa mwisho. Wenzake walikaa miezi kadhaa wakijadili watawaliwe vipi. Mapema mwaka 2019 wakachagua baraza la watu watano. Na wakaweka sharti ambalo mimi nalipenda sana: katika hao watano, wasizidi wawili wanaofanya kazi kwa mwajiri mmoja. Waliona mbali. Walijua kampuni kubwa yenye fedha inaweza kujaza meza nzima kwa watu wake bila kuvunja kanuni yoyote.

Sasa baraza kama hilo linaamua nini? Wengi wanadhani ni mambo ya wataalamu tu, hayamhusu mtu wa kawaida. Hebu nitoe mifano mitatu.

Mfano wa kwanza ni majina yetu. Ukitengeneza mfumo kwa Django, unakuta tayari umeandaliwa ukurasa wa mtumiaji wenye visanduku viwili: jina la kwanza na jina la mwisho. Viwili tu. Sisi hapa mtu ana jina lake, la baba na la babu au ukoo, na ofisi zetu zinataka majina yote matatu. Kwa hiyo kila kijana anayejenga mfumo wa shule, SACCOS au zahanati anaanza kwa kurekebisha uamuzi uliofanywa Kansas zaidi ya miaka 20 iliyopita. Akiwa mvivu, jina la baba linabanwa pamoja na la mtoto kwenye kisanduku kimoja, na hapo ndipo unapokuta cheti kinasema hivi na kadi inasema vile. Hakuna aliyetuonea. Waliokuwa mezani walikuwa na majina mawili, basi.

Mfano wa pili ni umri wa toleo. Django ina matoleo ya muda mrefu ambayo huhudumiwa kwa miaka mitatu hivi. Toleo la 4.2 lilitoka Aprili 2023 na likapangiwa kuhudumiwa hadi Aprili 2026. La 5.2 lilitoka Aprili 2025, nalo likapangiwa hadi Aprili 2028. Muda ukiisha, tundu la usalama likionekana, toleo lile halizibwi tena. Kwa kampuni yenye wataalamu kumi, miaka mitatu ni mingi. Kwa ofisi ya mkoani iliyomlipa kijana mara moja, akajenga mfumo, akaondoka kwenda Dar, miaka mitatu ni kufumba na kufumbua. Sisemi huduma iwe ya miaka kumi, maana kazi hiyo nayo inafanywa na binadamu wanaochoka. Ninauliza tu: wakati wa kujadili miaka iwe mingapi, kuna mtu mezani anayeijua ile ofisi ya mkoani?

Mfano wa tatu ni mtandao. Mei 2024 nyaya za chini ya bahari zilikatika na Afrika Mashariki nzima ikapata kwikwi ya intaneti. Mnakumbuka ile wiki? Waliokuwa wamehifadhi maelezo ya matumizi ya Django kwenye kompyuta zao waliendelea na kazi, kwa sababu mradi huo hutoa maelezo yake kwa namna ya kupakua na kusoma bila mtandao. Hilo nalo ni uamuzi wa mtu. Kesho akija mwingine akasema "siku hizi nani hana intaneti?", nani atanyoosha mkono kumjibu?

Ongezeni na hili. Mwaka 2012 mkoani Dodoma ulianza kutumika mfumo wa kompyuta uitwao IMIS, wa kusimamia wanachama wa Mfuko wa Afya ya Jamii, ile CHF yetu. Kutokana na mfumo huo ikazaliwa programu huria ya openIMIS, ambayo imetumika hata Nepal. Na msimbo wake ulipojengwa upya, ulijengwa kwa Django. Kwa hiyo kitu kilichoanzia Dodoma kwa ajili ya mkulima na kadi yake ya matibabu leo kinasimama juu ya msingi ambao watu watano wanausimamia. Bado mnaona ni mambo ya wataalamu tu?

Haya, na hao watano ni nani? Uchaguzi ulifanyika mwishoni mwa mwaka 2024. Waliochaguliwa ni Carlton Gibson, Emma Delescolle, Frank Wiles, Lily Foote na Tim Schilling. Ni watu wenye sifa na kazi zao zinaonekana, sina neno nao hata moja. Ila tuhesabu pamoja: anayeishi Afrika ni sifuri.

Hapa inabidi niwe mkweli, nisije nikapiga kelele za kuonewa bure. Afrika haijafungiwa nje ya Django. Anna Makarudze wa Zimbabwe amewahi kuwa Rais wa Django Software Foundation, taasisi inayosimamia fedha na jina la mradi. Mwishoni mwa 2024 hiyo hiyo Abigail Gbadago wa Ghana alichaguliwa kuingia kwenye bodi ya taasisi hiyo. Dada zetu wamechukua fomu na wamepita! Lakini bodi ile ni ya fedha, sheria, mikutano na misaada. Baraza la Ufundi ni chumba kingine. Bodi ni sebule, na baraza ni jikoni. Sebuleni tumeshakaribishwa, tumekaa na tumeongoza hata kikao. Chakula kinapikwa jikoni, na chumvi inapimwa huko huko.

Tena tusisahau kwamba kuchangia tumechangia muda mrefu. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi wa Kilinux, kilitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi inayoongea Kiswahili. Na ukifungua orodha ya lugha zilizomo ndani ya Django yenyewe utakuta Kiswahili kimekaa hapo, katikati ya Kiswidi na Kitamili. Kuna watu walikesha kutafsiri maneno yale. Sisi ni hodari wa kutafsiri uamuzi wa wengine. Lini tutakuwa miongoni mwa wanaoamua?

Nimeandika haya nikiwa Idodi, na si kwa bahati. Kazi ya gazeti ndiyo iliyonileta huku kwenye barabara ya kwenda Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, kufuata habari za tembo na mashamba. Nikiwa huku nimekutana na rafiki yangu tuliyesoma naye chuo. Mtoto wa hapa hapa. Amerudi nyumbani, anaandika programu kwa ajili ya watu wa nje, bando analipia mwenyewe, na mtandao ukisumbua anajua asimame upande gani wa nyumba ili simu ishike. Kwa miaka kadhaa amekuwa akirekebisha hitilafu na maelezo ya matumizi ya Django, akiwasaidia wanaoanza. Wenzake wa ng'ambo wanaoijua kazi yake wamemwambia safari ijayo agombee Baraza la Ufundi. Amecheka. Ameniambia, "Kaka, hebu fikiria maelezo ya mgombea: anatokea Idodi!"

Mimi sikucheka. Nilimuuliza kama amesahau alikozaliwa.

Maana Idodi ina somo lake katika jambo hili hili. Zamani habari za wanyama huku zilikuwa za bwana nyama. Yeye ndiye aliyejua mpaka uko wapi, nani anaruhusiwa kuwinda, na fedha zimekwenda wapi. Mwanakijiji kazi yake ilikuwa kufukuza tembo kwa debe usiku na kunyamaza mchana. Miaka ya 1990 ukaja mradi wa Matumizi Bora ya Malihai Idodi na Pawaga, ambao kila mtu huku anauita MBOMIPA. Mwaka 2007 eneo likatambuliwa rasmi kuwa hifadhi ya jamii, likiwa na vijiji 21. Vijiji vikachagua wawakilishi wa kwenda kukaa kwenye jumuiya: kujadili mpango wa matumizi ya ardhi, kuzungumza na wawekezaji, kuuliza mapato.

Je, matatizo yaliisha? Hapana. Malumbano juu ya mapato na uwajibikaji wa viongozi yamekuwepo, na tembo hajaacha kupenda mahindi. Lakini kuna kitu kilichobadilika ambacho hakirudi nyuma. Mkulima ambaye hakuwahi kusoma ramani alikaa mezani na watu wenye shahada za wanyamapori, akawaambia: huo mstari mmeupitisha kwenye njia yetu ya maji. Hakuhitaji kuwa mtaalamu kuliko wao. Alihitaji kuwepo wakati mstari unachorwa.

Mnaona ninapoelekea? Kijiji cha Idodi kilielewa zamani kwamba mali ya wote bila kamati ya kuchaguliwa inageuka mali ya anayewahi. Bibi mmoja Mmarekani, Elinor Ostrom, alipata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2009 kwa kuchunguza hilo hilo: jinsi watu wa kawaida wanavyoweza kusimamia misitu, maji na malisho yao wenyewe bila kuyamaliza, iwapo wanaotumia wana nafasi ya kushiriki kutunga kanuni. Programu huria nayo ni malisho ya pamoja. Tofauti ni kwamba ng'ombe hawamalizi majani, wanawamaliza wachungaji. Wachache wanaotunza msimbo wanachoka huku maelfu tukila bure.

Sasa nizijibu hoja za rafiki yangu, maana najua ni za wengi wenu.

"Sitashinda." Inawezekana kabisa. Lakini katika uchaguzi wa namna hii kushindwa kuna faida ambayo kwenye siasa zetu haipo. Ukigombea unaandika maelezo: umefanya nini, unaona tatizo gani, ungependa mradi uende wapi. Wapigakura wanasoma. Hao watano watakaopita nao wanasoma. Ukiandika vizuri habari ya majina matatu na ofisi ya mkoani, hoja yako imeshaingia jikoni hata kama wewe umebaki mlangoni. Huku kwetu mgombea akishindwa, hoja zake zinazikwa pamoja na mabango.

"Sijui vya kutosha." Hii ndiyo inayoniuma zaidi, kwa sababu huwa inasemwa na wale wanaojua. Asiyejua hajawahi kuwa na wasiwasi huo! Baraza halitafuti mtu anayejua kila mstari wa msimbo. Kazi yake kubwa ni kukata shauri pale watu wenye akili wameshindwa kuafikiana, kupitisha au kukataa mapendekezo makubwa, na kushiriki kuamua nani aaminiwe ruhusa ya kuunganisha mabadiliko. Hizo ni kazi za busara, subira na kusikiliza pande mbili. Aliyewahi kukaa kwenye kikao cha ukoo kugawa shamba la marehemu ana mafunzo ambayo vyuo vingi havitoi.

"Nitakuwa pambo la Afrika." Hofu hii naiheshimu. Kuna watu wanapenda kuwa na sura moja nyeusi kwenye picha, kisha mambo yaendelee kama kawaida. Dawa yake ni kutogombea kama Mwafrika wa picha. Gombea na hoja. Usiandike "nitawakilisha bara langu," maana bara halijakutuma, na mimi kama mwanahabari ningekuuliza lilikaa kikao lini. Andika: nimerekebisha hiki na hiki, nimefundisha watu kadhaa, nimeona mifumo ikifa kwa sababu hii, napendekeza tufanye hivi. Ukipita kwa maneno hayo hakuna atakayekuita pambo.

"Nani atanilipa?" Hapa, ndugu zangu, sina jibu rahisi. Kukaa kwenye baraza ni kazi ya kujitolea. Mwenzako wa Ulaya anaweza kuwa na mwajiri anayemwachia saa kadhaa kwa wiki za kufanya kazi ya mradi, na umeme wake haukatiki. Wewe saa zile zile ndizo za kutafuta ada ya mdogo wako. Huo si usawa, na kura peke yake haiuondoi. Ndiyo maana makala hii siiandiki kwa ajili ya rafiki yangu tu. Naiandika pia kwa wenye kampuni za teknolojia Dar, Arusha na Zanzibar ambao biashara yao yote imejengwa juu ya programu ambazo hawakulipia hata senti. Mwachie kijana wako nusu siku kwa wiki. Mlipie bando. Ni bei ndogo kuliko tangazo moja la ukurasa mzima kwenye gazeti letu (mhariri wangu anisamehe). Naviambia na vyuo vikuu: mhadhiri akichapisha makala mnampandisha cheo, basi mtazameni na yule aliyechaguliwa kusimamia msimbo unaotumiwa na dunia nzima.

Na sasa kwa wanaotaka kweli. Hii si fomu ya kuchukua asubuhi na kurudisha jioni. Utaratibu wa 2020 ulimtaka mgombea awe na historia ya mchango wa maana iliyoanza angalau miezi 18 kabla. Yaani huwezi kutokea angani siku ya mwisho na begi la fedha. Kwa hiyo anza leo na kidogo. Rekebisha maelezo yasiyoeleweka. Tafsiri. Thibitisha hitilafu iliyoripotiwa na mwingine. Wasaidie wanaoanza. Kisha omba uanachama wa taasisi, ambao hautolewi kwa waandika msimbo tu. Aliyeandaa mafunzo, aliyetafsiri na aliyeandaa mkutano wanahesabika pia. Wanachama hao binafsi ndio wenye kura ya kuchagua baraza. Hata usipogombea, kura yako ni kitu. Waliokuwa ukumbini Zanzibar na Arusha wangejisajili wote walio na sifa, tungekuwa na kundi la wapigakura ambalo mgombea yeyote, awe wa Berlin au wa Chicago, angelazimika kulijibu maswali.

Halafu kuna jambo moja linalonifanya niupende uchaguzi huu kupita maelezo. Sisi tulikuwa na sheria ya takrima. Mgombea kumkirimu mpigakura ilikuwa halali, hadi Mahakama Kuu ilipoitupa sheria hiyo mwaka 2006. Sheria iliondoka, tabia sijui. Katika uchaguzi wa programu huria takrima haina pa kupita, kwa sababu kazi ya mgombea iko hadharani yote, mstari kwa mstari, na tarehe yake. Ulisema utarekebisha, hukurekebisha, inaonekana. Ulimtukana mwenzako mwaka juzi kwenye mabishano, inaonekana. Ulikaa usiku kucha kumsaidia mtu usiyemjua wa Bolivia, nayo inaonekana. Kijana aliyezoea kuchaguliwa kwa namna hiyo, na kuhojiwa kwa namna hiyo, siku akirudi kugombea uenyekiti wa kijiji atatusumbua vizuri sana.

Siku chache baada ya mazungumzo yetu rafiki yangu alinitumia rasimu. Aya tatu fupi, za Kiingereza kilichonyooka. Ya kwanza inasema amefanya nini. Ya pili inaongelea mifumo ya ofisi ndogo zisizo na mtaalamu wa kudumu. Ya tatu inaongelea majina. Hakuandika neno Afrika hata mara moja. Amesema bado hajaamua kama ataiwasilisha uchaguzi ukitangazwa.

Mimi ningekuwa na kura ningempa. Ila kura sina, kazi yangu ni kuandika habari za watu kama yeye. Wanaoweza kuwa nazo ni ninyi mnaosoma hapa na kujiita mainjinia. Kwa hiyo swali nalihamishia kwenu: wewe unayejenga mifumo ya watu kwa zana ya bure, utaendelea kusubiri kuitwa mpaka lini? Huko jikoni hawana desturi ya kuita. Wanasubiri mtu aseme, "na mimi nimo."

Tuwasiliane. Wiki ijayo, Mungu akipenda, nitarudi kwenye habari za tembo.

Alamsiki.